Nenda Kalete Mzazi

Mkuu wa shule hana sentensi fupi yenye nguvu kama hii. Kiboko kinauma dakika chache, kisha kinageuka hadithi ya kuchekea bwenini. Lakini kijana wa kidato cha tatu anayejifanya mbabe mbele ya wenzake, mwambie "nenda kalete mzazi" uone sauti inavyoshuka. Nimeitumia sentensi hiyo muda wote niliokuwa mkuu wa shule hapa Morogoro Mjini, na mapema kabisa niligundua kwamba anayekuja si lazima awe baba wala mama. Anakuja mjomba.

Asiyewajua Waluguru atadhani mtoto anakwepa. Hakwepi. Huku ukoo unafuata upande wa mama, na shamba la mlimani hupita huko huko. Kwa desturi, kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mpwa wake. Baba yupo, anapendwa, anasomesha, ila kukiwa na kesi anaulizwa mjomba.

Namkumbuka mmoja aliyeshuka kutoka Nyandira. Mpwa wake alikuwa amekwapua vitabu vya shule na kuviuza. Mzee alipitia sokoni kwanza akashusha karoti zake, kwa hiyo alifika ofisini saa nne, na matope ya milimani bado yako kwenye ndala. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Hakuniuliza kijana amefanya nini. Alimgeukia mwenyewe:

"Mama yako anajua?"

Kimya.

"Basi hajui, na mimi simwambii. Utalipa wewe."

Hukumu yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema, nzito kuitekeleza. Kila likizo kijana angebeba mizigo ya karoti ya mjomba mpaka vitabu vyote virudi. Vilirudi. Mimi kwa upande wangu nilikuwa na Kanuni za Viboko za 2002, zinazosema fimbo zisizidi 4, achape mkuu wa shule au aliyeruhusiwa kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Siku ile kitabu hakikufunguliwa.

Shule za bweni zilipoanza hapa zilikuja na wazo jingine kabisa: kwamba tabia hujengwa vizuri zaidi mtoto akiwa mbali na kwao. Wazo lenyewe halikuwa geni sana. Binti wa Kiluguru akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na wanawake wengine huku mama mzazi akikaa pembeni. Tofauti ni kwamba mwali alifichwa nyumba ya pili, na siku ya kutolewa ukoo mzima ulikuwa uwanjani.

Masista wa Maryknoll kutoka Marekani walipofungua Marian College miaka ya 1950, chini ya milima, walipokea wasichana kutoka pande zote za nchi. Mmoja wao, Gertrude Mongella, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995, alitokea kisiwa cha Ukerewe. Hebu mwambie mtoto wa Ukerewe akalete mzazi: meli hadi Mwanza, kisha treni ya Reli ya Kati kupitia Tabora. Muhula ungekwisha yuko njiani. Sista ndiye aliyekuwa mama, baba na mjomba, na kengele ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho.

Kisha mzazi akawa serikali. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, ikafuata Sheria ya Elimu ya 1969, shule za dini zikawa za umma, na Marian ikaitwa Kilakala. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likasema mtihani peke yake hautoshi. Kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pia. Nia ilikuwa njema na mimi ni mtoto wa enzi hiyo, jembe nimelishika. Ila tabia ilipoingia kwenye fomu ilipata herufi. Hadi leo ripoti ya muhula ina sehemu ya tabia na mwenendo: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, usafi, uaminifu. Mwalimu wa darasa lenye watoto 70 anashuka na B kutoka juu hadi chini kama anayepaka ukuta chokaa. Mwizi wangu wa vitabu alikuwa na B ya uaminifu.

Shule iliyonifikirisha kuliko zote haikuwa yetu. Ilikuwa Mazimbu, kilomita chache kutoka mjini, kwenye shamba la zamani la mkonge ambalo serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini mwaka 1977. Vijana wa Soweto walikuwa wameingia mitaani tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, na wengi wakavuka mipaka. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru mwenzao aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22.

Jiweke kwenye kiti cha mkuu wa shule ile. Wanafunzi wako wamepata heshima duniani kwa kuigomea shule. Sasa unawataka wawahi namba. Unawapa jembe, wakati sheria ya elimu ya makaburu ya 1953 ilikusudia mtoto mweusi aishie kwenye kazi za mikono. Hapo mwanafunzi akikuuliza amekuja kusoma au kulima, huwezi kumjibu kwa kumfokea. Na akikosea zaidi, utamwambia akalete nani? Mzazi yuko ng'ambo ya mpaka, na barua tu ingeweza kumpeleka polisi kuhojiwa. Wengi walikuwa wakitumia majina ya bandia ili kulinda ndugu zao. Kumfukuza nako, aende wapi?

Chama kikawa ndicho mzazi. Kilijenga chekechea, shule ya msingi, sekondari, hospitali, karakana ya useremala na shamba la mifugo, kikisaidiwa na nchi za Skandinavia, Uholanzi na wengine wengi, na Oliver Tambo, kiongozi wa chama hicho, akaja kuifungua rasmi shule mwaka 1985. Sisi wa mjini tuliona viatu vyao vizuri tukadhani wana raha. Baadaye, nilipokaa kwenye kiti cha mkuu, ndipo nilipoelewa uzito wa kulea watoto ambao hata ugomvi wa bwenini hauna wa kuitwa kuja kuuamua.

Julai 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Baadhi ya watoto waliozaliwa na akina mama wa hapa walibaki, baba zao wakarudi Kusini. Kwa mila za Uluguru, hata hao walikuwa na wajomba.

Baadaye wanafunzi wangu wengi walikuwa wa kutwa, tangu shule za kata zilipojengwa kwa wingi na ada ikafutwa mwaka 2016. Mzazi alikuwa mtaa wa pili, na bado hakuja. Badala yake nililetewa mzazi wa kukodi, kijana wa bodaboda kutoka stendi ya Msamvu, shati limechomekewa, anajitambulisha kuwa mjomba. Nilimjua kwa upole wake. Kila nilichosema aliitikia "sawa mkuu, sawa mkuu". Mjomba wa kweli anabisha, anataka kujua mwalimu wa zamu alikuwa wapi, anadai kukiona kitabu cha viboko chenyewe.

Wengine walipiga simu: "Mwalimu, wewe mchape tu, nimeruhusu." Halafu wakakata. Niliwapigia tena, nikawaambia simu haihesabiwi. Walikuja wakinuna, mmoja na kidumu cha mafuta aliyopitia kununua sokoni, wakaniuliza kwa ukali kwa nini nawapotezea siku. Niliwavutia kiti, nikamwita mtoto.