Namba 762: Tuifanyeje Rekodi ya Barry Bonds?

Usiku wa tarehe 7 Agosti 2007, mjini San Francisco, mchezaji wa besiboli aitwaye Barry Bonds alipiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Ilikuwa mara yake ya 756 kufanya hivyo katika ligi kuu ya Marekani, na kabla yake hakuna aliyewahi kufika hapo. Baadaye mpira ule uliuzwa kwa mnada, na mbunifu wa mavazi Marc Ecko akaununua kwa dola 752,467. Hakuufungia kabatini. Aliwauliza watu kwenye intaneti: tuufanyeje? Kura zikaamua uchomwe alama ya kinyota, ile inayowekwa pembeni ya maandishi kumwambia msomaji "ngoja kwanza, kuna maelezo hapa."

Leo mpira huo uko kwenye Jumba la Heshima la besiboli, mji wa Cooperstown, jimbo la New York. Bonds mwenyewe hajawahi kuchaguliwa kuingia humo kama nguli. Mpira umeingia, aliyeupiga yuko nje. Imekuwaje?

Kwanza, mchezo wenyewe

Wengi wetu tumekulia kwenye soka, kwa hiyo twende taratibu. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo. Mpira ukivuka uzio ukiwa hewani, hiyo inaitwa homurani: mpigaji anazunguka vituo vyote vinne bila bughudha na timu inapata pointi. Ndilo pigo tamu kuliko yote, na kwa Wamarekani idadi za homurani ni kitu cha kukaririwa toka utotoni.

Bonds alizaliwa California mwaka 1964. Baba yake, Bobby Bonds, alikuwa nyota wa mchezo huohuo. Kufikia mwisho wa msimu wa 1998, Barry alikuwa na tuzo 3 za Mchezaji Bora wa ligi yake, homurani 411, na mara 445 alikuwa "ameiba" kituo, yaani amechomoka mbio kwenda kituo cha mbele bila kusubiri mwenzake apige. Hakuna mchezaji mwingine aliyekuwa amevuka 400 kwa vyote viwili. Kwa kifupi, jamaa alikuwa ameshajihakikishia nafasi Cooperstown.

Lakini mwaka huo wa 1998 hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Mwaka 1994 mgomo wa wachezaji ulikuwa umefuta hata fainali za ligi, na mashabiki walikuwa wamesusa. Wakarudishwa na mbio za Mark McGwire na Sammy Sosa. Rekodi ya homurani 61 kwa msimu mmoja ilikuwa imedumu tangu 1961; McGwire akamaliza na 70, Sosa 66. Mwandishi mmoja wa habari aliona kwenye kabati la McGwire chupa ya androstenedioni, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa testosteroni. Wakati huo ligi ilikuwa haijaikataza. Viwanja vilijaa, fedha zikaingia, maisha yakaendelea. McGwire alikuja kukiri kutumia steroidi mwaka 2010.

Kitabu *Game of Shadows* cha 2006, kilichoandikwa na waandishi wawili wa gazeti la San Francisco Chronicle, kinadai kwamba Bonds aliingia kwenye dawa baada ya kuona sherehe zile. Yeye amekana siku zote kwamba alitumia steroidi kwa kujua.

Steroidi inafanya nini hasa?

Testosteroni ikiingia kwenye seli ya msuli hushikana na kipokezi chake, vikaenda pamoja hadi kwenye kiini cha seli, na huko vikaamsha jeni zinazosababisha protini nyingi zaidi kutengenezwa. Mwaka 1996 jarida la *New England Journal of Medicine* lilichapisha jaribio la wanaume 43. Waliochomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10 huku wakinyanyua vyuma waliongeza kilo 6 hivi za mwili usio na mafuta. Sasa sikiliza hii: waliochomwa bila kufanya zoezi lolote waliongeza kilo 3 hivi, zaidi ya wale waliofanya mazoezi bila dawa.

"Lakini misuli haimfundishi mtu kuulenga mpira!" Kweli kabisa. Kupiga mpira unaokuja kwa kilomita 150 kwa saa kunadai jicho na ufundi, na hivyo Bonds alikuwa navyo tangu zamani. Ila fikiria mipira mingi anayopiga mchezaji mzuri na ikaangukia mita chache tu kabla ya uzio. Ukiongeza kasi ya mpira kidogo, mingi kati ya hiyo inavuka. Mwanafizikia Roger Tobin wa Chuo Kikuu cha Tufts alipiga hesabu hii mwaka 2008, akaonyesha kwamba kasi ikipanda kwa asilimia chache, homurani zinaweza kupanda kwa asilimia 50 au zaidi.

Mwaka 2001, msimu aliofikisha umri wa miaka 37, Bonds alipiga homurani 73. Kabla ya hapo hakuwahi kuvuka 49 kwa msimu. Mwaka 2004 warushaji walimwogopa kiasi kwamba mara 120 walimpa kituo cha kwanza bure kwa makusudi ili asipate nafasi ya kupiga.

Sindano iliyofichua siri

Juni 2003 kocha mmoja wa riadha alipeleka bomba la sindano kwa shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya kitu kisichojulikana. Maabara ya Don Catlin, huko UCLA, ikakitambua: tetrahidrogestrinoni, au THG. Mkemia alikuwa amechukua gestrinoni, dawa ya magonjwa ya wanawake, akaiongezea atomi 4 za hidrojeni. Vipimo vya kawaida vilikuwa haviioni, kwa sababu katika maandalizi ya sampuli THG ilivunjika na kupotea. Ilibidi kutengenezwe kipimo kipya.

Nyayo zikaelekea BALCO, kampuni ndogo ya virutubisho karibu na San Francisco. Mmoja wa wateja wake ni mtu anayefahamika vizuri na wapenzi wa riadha, Marion Jones. Na Bonds naye aliitwa mbele ya jopo la uchunguzi mwezi Desemba 2003. Alisema mkufunzi wake alimpa majimaji na krimu, naye aliamini ni mafuta ya mbegu za kitani na dawa ya kupaka kwenye viungo. Mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa kosa moja la kukwamisha haki. Juu ya mashtaka ya kusema uongo, wazee wa baraza walishindwa kukubaliana. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta hata hatia ile moja.

Hatia ni ya nani?

Kamishna wa ligi aliwaandikia viongozi wa timu tangu 1991 kwamba steroidi ni marufuku. Upimaji wa kwanza ulikuja 2003, tena bila majina wala adhabu. Miaka 12 ya katazo lisilo na kipimo! Sisi tunaoshinda maabara tunajua maana yake: usipopima, usishangae huna data. Bud Selig, aliyeongoza ligi miaka hiyo yote ya neema, alichaguliwa kuingia Cooperstown mwaka 2016. Bonds alihitaji asilimia 75 ya kura za waandishi. Alianza na 36.2 mwaka 2013, akaishia 66 mwaka 2022, nafasi yake ya mwisho kwenye kura hiyo.

Kuna wanaosema rekodi ifutwe tu. Riadha ilijaribu. Marion Jones alikiri mwaka 2007 na kurudisha medali zake 5 za Sydney 2000. Lakini dhahabu ya mita 100 haikupewa aliyeshika nafasi ya pili, Katerina Thanou, kwa sababu naye alikuwa ameingia kwenye kashfa ya kukwepa vipimo. Ukitazama matokeo ya mbio ile, juu pana pengo.

Na kwenye besiboli ungetoa ngapi? Bonds alimaliza na 762. Kemia inaweza kusema kilichokuwemo kwenye bomba. Fizikia inaweza kusema kinachowezekana. Hakuna sayansi inayoweza kuchukua homurani moja na kusema hii ya jicho, hii ya dawa. Hata baadhi ya warushaji waliomkabili nao walikuwa wanatumia. Ripoti ya Seneta Mitchell ya Desemba 2007 ilitaja wachezaji 89, warushaji wakiwemo.

Anayeumia zaidi hapa, kwa maoni yangu, ni Hank Aaron. Rekodi ya 755 aliyovunjiwa aliijenga akiwa mtu mweusi aliyekuwa akitumiwa barua za vitisho alipokaribia kumpita Babe Ruth mwaka 1974. Hakuwepo uwanjani usiku ule wa 2007, ila ujumbe wake wa pongezi ulionyeshwa kwenye skrini kubwa. Hakutaja dawa.

Mimi ningeiacha 762 ilipo, na Bonds ningempa nafasi Cooperstown. Lakini kibao chake kiandikwe kila kitu: jicho lake, BALCO, mahakama, na ile miaka 12 ambayo wenye ligi hawakupima. Kinyota kimoja juu ya mpira mmoja hakitoshi, maana kinamnyooshea kidole mtu mmoja tu.