Tepe za Karatasi Gatini Oki

Mwalimu mkuu wetu aliondoka kisiwani tarehe 30 Machi kwa feri ya mchana. Alisimama kwenye ukingo wa sitaha ameshika tepe za karatasi nyingi mno, hata vidole vyake havikuonekana. Ncha za pili tulizishika sisi tuliokuwa gatini: watoto, wazazi, wavuvi, wapishi wa shule, na mimi, mtu wa kisiwa cha Mafia niliyekwenda Japani kufundisha Kiingereza. Utepe wangu ulikuwa wa kijani.

Visiwa vya Oki viko katika Bahari ya Japani, chini ya mkoa wa Shimane. Visiwa vinavyokaliwa na watu ni vinne tu. Kwa karne nyingi hapa palikuwa mahali pa kuletwa watu kwa amri. Mwaka 1221 Go-Toba, mfalme aliyekwisha kuachia kiti, alishindwa vita na watawala wa kijeshi wa Kamakura akaletwa huku. Aliishi Oki hadi kufa mwaka 1239. Mfalme Go-Daigo aliletwa mwaka 1332, lakini yeye alitoroka mwaka uliofuata. Nawataja wafalme hawa kwa sababu walimu wengi wa Oki nao ni watu wa bara wanaoletwa kwa barua, wakakaa miaka michache, wakaondolewa kwa barua. Mtoto wa kule hujifunza mapema kwamba anayependwa huja na feri na huondoka na feri.

Utaratibu wenyewe una mizizi mirefu. Japani ilitunga sheria yake ya kwanza ya elimu kwa nchi nzima mwaka 1872. Mwaka 1886 serikali ilianza kuhesabu mwaka wake wa fedha kuanzia tarehe 1 Aprili, na shule zikaufuata mwaka huo hatua kwa hatua, zilizochelewa zikaja kujiunga baadaye. Ndiyo maana hadi leo mwaka wa shule hufungwa tarehe 31 Machi na mwingine hufunguliwa kesho yake. Kisha ikaja sheria ya 1956: shule ya msingi ni mali ya mji au kijiji, lakini mwalimu huajiriwa na bodi ya elimu ya mkoa, na mkoa ndio unaomhamisha. Katikati ya Machi mtu huitwa faragha na kuambiwa aendako. Hasemi. Halafu siku moja magazeti ya mkoa huchapa orodha ya majina yote, kurasa kwa kurasa, na asubuhi hiyo katika chumba cha walimu hakuna anayefungua daftari kabla ya kufungua gazeti.

Jina la mwalimu mkuu wetu nililiona hivyo hivyo, nikisaidiwa na mwenzangu wa meza ya jirani aliyeliwekea kidole. Alikuwa amekaa nasi miaka mitatu. Kule huitwa Kocho-sensei, yaani mheshimiwa mwalimu mkuu, na hata wakubwa wa kijiji hawamwiti kwa jina lake. Kila asubuhi alisimama langoni, mvua au theluji, akimsalimia kila mtoto.

Heshima hiyo haikuwa nyepesi siku zote. Ofisini kwake, juu kabisa karibu na dari, zilipangwa picha za walimu wakuu wote waliomtangulia, kuanzia enzi za mfalme Meiji. Wa mwanzo wamevaa mavazi ya Kijapani, wanaofuata suti nyeusi zilizofungwa hadi shingoni, wa karibuni wana tai na tabasamu. Baadhi ya wale wenye suti nyeusi walibeba mzigo ambao leo ni vigumu kuufikiria. Tarehe 30 Oktoba 1890 mfalme alitoa Tamko juu ya Elimu. Nakala yake, pamoja na picha ya mfalme, ilitunzwa na mwalimu mkuu, na shule nyingi zilijenga kijumba maalumu cha kuzihifadhi. Siku za sikukuu mwalimu mkuu alivaa glavu nyeupe, akalifungua lile Tamko na kulisoma huku watoto wameinamisha vichwa. Shule ikiungua, picha ndiyo ilitakiwa kuokolewa kwanza, na wapo walimu waliopoteza maisha kwa ajili yake. Baada ya vita kuisha mwaka 1945 vijumba vile vilibomolewa, na mwaka 1948 bunge likaliondolea Tamko uzito wake. Sioni fahari katika sehemu hiyo ya historia, na Kocho-sensei naye hakuiona. Lakini picha za wale watu hakuzishusha. Alisema walikuwa walimu wa shule hii.

Wiki moja kabla ya kuondoka alinikaribisha ofisini. Meza ilikuwa tupu, umebaki mhuri wake mdogo juu ya kitambaa. Alinimiminia chai ya kijani kwa mikono miwili, akauliza, “Sensei, kwenu mwalimu mkuu huagwaje?”

Nilimweleza kweli. Nilipokuwa darasa la tano, Jumatatu moja tulikuta ofisi ina kufuli. Tulipanga mstari, tukaimba, tukasubiri. Mwalimu wa zamu akatuambia mwalimu mkuu amehamishwa, ameshavuka kwenda bara Jumamosi. Ndiye aliyenifundisha kusoma ramani. Tulirudi darasani tukaendelea na hesabu.

Kocho-sensei alinyamaza, akainua macho kwenye ule ukuta. “Na picha yake ipo?”

Nikasema haipo.

Hakuongeza neno, na mimi nilitoka pale nikiwa na uchungu ambao sikujua nilikuwa nao.

Siku ya kumuaga, watoto walikaa sakafuni katika ukumbi wa michezo na walimu wote waliohamishwa wakapanda jukwaani. Kila mmoja alisema maneno yake. Mtoto mmoja wa darasa la sita alisoma barua aliyoiandika mwenyewe, akafika katikati akashindwa, akaanza upya tangu mwanzo. Hakuna aliyemharakisha. Kisha tukashuka wote bandarini.

Habari ya tepe zile husimuliwa hivi: katika maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, Mjapani mmoja alikuwa na tepe za karatasi zisizonunuliwa, akabuni kuziuza kwa abiria wa meli ili wapeane mkono wa mwisho. Iwe hivyo au vinginevyo, meli kubwa za abiria zimepungua na ndege zimechukua nafasi yake, lakini visiwani desturi imebaki, na kila Machi ni walimu wanaoagwa nayo. Hata kabla ya tepe hizo walimu walisindikizwa: mwandishi mgeni Lafcadio Hearn, aliyefundisha katika mji wa Matsue kati ya 1890 na 1891 na kuvitembelea visiwa hivi mwaka 1892, alipohama Matsue alisindikizwa na wanafunzi wake mpaka kwenye meli. Mgeni mwenzangu huyo aliagwa yeye. Mimi niliaga.

Feri ilipopiga honi, spika za gatini zikapiga wimbo wa kuagana ambao watoto wa Japani wameuimba tangu 1881. Tepe zikajivuta, zikanyooka, zikaanza kukatika moja moja. Wangu ulikatika upande wake, ukaniangukia miguuni ukiwa umelowa. Watoto walikimbia hadi mwisho wa gati wakimwita. Naye alipunga mkono mpaka feri ilipozunguka rasi.

Tarehe 1 Aprili mwalimu mkuu mpya alifika. Alipoingia ofisini alikuta picha ya mtangulizi wake imeshatundikwa, ya mwisho katika safu.

Mwaka jana nilirudi Mafia nikaenda katika shule niliyosoma. Katika daftari la kumbukumbu nililipata jina kamili la yule mwalimu wetu wa ramani na tarehe aliyoondoka. Picha haikuwapo. Maafisa elimu wanaoandika barua za uhamisho nawaomba wampe mwalimu angalau siku moja ya kusimama mbele ya watoto wake. Na wewe msomaji uliyesoma Mafia, kama nyumbani kwenu ipo picha ya mwalimu mkuu wa zamani, ipeleke shuleni. Fremu nitalipia mimi.