Kibanda cha Mkono wa Damu

Tangu niache chuo, nyanya yangu wa Wusi ana swali moja kila nikirudi nyumbani: “Mjukuu wangu, siku hizi unafanya nini hasa?” Mara ya mwisho nilimjibu kwamba nataka kile chumba chake cha mahindi kiwe mahali pa kulala wapanda milima. Alinitazama kama nimeomba kumuuza ng’ombe.

Wazo lilinijia juu ya Vuria, mita 2,208, kilele kirefu kuliko vyote Taita. Asubuhi ikiwa safi, Kilimanjaro unaiona ng’ambo ya mpaka. Huko wapanda mlima wana vibanda tangu enzi za Mjerumani. Sisi huku ukichelewa njiani unabisha hodi kwa watu.

Vibanda viwili vya kwanza kwenye njia ya Marangu vilijengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakukuwa na barabara, kwa hivyo mizigo ilipanda kwa vichwa na mabega ya Wachaga. Mwaka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kileleni wakiwa na skii, wakateleza nazo kwenye theluji ya Kibo. Ndiyo, skii, hapa kwetu Afrika Mashariki! Kibanda cha tatu, cha Kibo, kilikuja 1932. Hesabu yake ni rahisi na ya busara: kimoja karibu mita 2,700, kingine 3,700, cha mwisho 4,700. Kila siku unapanda kama mita 1,000, unalala, mwili unazoea hewa nyepesi. Miaka ya 1970 Wanorwe walisaidia kujenga vipya, vile vyenye paa la pembetatu linaloshuka karibu mpaka chini.

Lakini majina ndiyo yaliyoninyima usingizi. Kibanda cha kwanza kiliitwa Bismarck. Cha pili kiliitwa Peters, yaani Carl Peters, yule watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Akiwa mtawala wa eneo la Kilimanjaro, mwaka 1891 na 1892, aliamuru mtumishi wake Mabruk anyongwe, kisha msichana aliyeitwa Jagodja. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Na bado wakampa kibanda! Fikiria mpagazi wa Kichaga amebeba kuni kwenda kumwashia mgeni moto ndani ya jina hilo.

Baada ya Uhuru, Bismarck ikawa Mandara na Peters ikawa Horombo, majina ya wamangi wa Kichaga. Mandara mwenyewe, kusema kweli, alitia saini mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Lakini afadhali mara mia.

Nilimsimulia nyanya haya yote tukipukuchua mahindi. Hakusema kitu kuhusu Peters. Aliuliza nani ataosha mashuka, na maji yatatoka wapi Januari mfereji ukikauka. Kisha akauliza hao wageni watapita wapi, maana fighi, ule msitu wa wazee, haupitiwi ovyo, na mapangoni kuna mafuvu ya watu wetu. Sikuwa nimefikiria hata moja kati ya hayo. Nilikuwa nimefikiria jina.

“Chora hiyo njia kwanza,” akasema. “Nitakuonyesha pa kukunja kona.”

Jumamosi tunaanza. Mahindi bado yamo chumbani.