Jayce and the Wheeled Warriors

Jayce and the Wheeled Warriors ni mfululizo wa katuni za watoto wa vipindi 65, uliotengenezwa na kampuni ya DIC na kuanza kurushwa mwaka 1985. Kijana Jayce anamsaka angani baba yake, mwanasayansi Audric, huku akiandamwa na Saw Boss na jeshi lake la mimea inayogeuka magari. Vipindi vikaisha baba hajapatikana. Wapo wanaodai ulisahaulika kwa udhaifu wake. Hoja hiyo haitoshi, kwani miongoni mwa waandishi alikuwamo J. Michael Straczynski, ambaye baadaye alibuni mfululizo wa televisheni wa Babylon 5. Kilichouzika ni biashara. Katuni hii ilikuwa tangazo la magari ya kuchezea ya Mattel, na vipindi 65 hutosha kurushwa siku tano kila wiki kwa wiki kumi na tatu, kisha hurudiwa. Kumalizia hadithi hakukuwa na faida kwa mlipaji. Itasemwa kwamba Transformers nayo ilizaliwa dukani, mbona inakumbukwa? Ni kweli, lakini kampuni yake, Hasbro, iliendelea kuuza roboti zake kwa miongo kadhaa, hadi filamu ya 2007. Jayce hakupata hata msimu wa pili.