Waridi la Februari na hoja ya msimu

Ndugu zangu, kila Februari hoja ile ile hurudi hapa Uingereza: eti muungwana anunue maua ya msimu tu, aachane na waridi la Kenya. Hebu tuitazame kihistoria.

Zamani msimu ndio uliokuwa hakimu. Waridi la bustani ya Kiingereza huchanua Juni. Februari na Machi ni zamu ya dafodili, Aprili tulipu, na dalia hungoja mwisho wa kiangazi. Waholanzi wakauvunja utaratibu huo kwa mabanda ya vioo yenye joto na taa. Kisha, hasa miaka ya 1990, ikaja Naivasha: karibu mita 1,900 juu ya bahari, jirani na ikweta, mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Pale waridi halijui Februari wala Juni.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield kilipima, kikaona waridi la Kenya, hata ukihesabu ndege, lilitoa hewa ukaa kidogo kuliko la Uholanzi. Basi umbali peke yake sio hoja.

Lakini Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalisimamisha ndege. Maua yakaoza, vibarua wa Naivasha wakakosa kazi. Ua halingoji, na anayelichuma ndiye huumia kwanza.

Kwa hiyo Juni nunua la jirani. Februari chukua dafodili, au waridi la Naivasha, ila uulize habari za maji ya ziwa na ujira wa mchumaji.

Nawasilisha.