Habari Zinavyosafiri Ndani ya Halmashauri ya Jiji

Halmashauri ya jiji huajiri watu wasiofanana hata kidogo. Chini ya mkurugenzi mmoja wamo mwalimu wa darasa la kwanza, muuguzi wa zahanati, mpima ardhi, mhasibu, afisa mifugo, mwanasheria, mtendaji wa mtaa na dereva wa gari la taka. Wengi wao hawajawahi kuingia ofisini kwa mkurugenzi huyo, na wapo wasiojua idara ya jirani inashughulika na nini. Hata hivyo kazi zao zinagusana kila siku. Afisa biashara anayetoa leseni ya mgahawa anahitaji kujua kama mipango miji wamekipangia kiwanja chake matumizi mengine, na kama afisa afya alishaupiga marufuku mgahawa huo wiki iliyopita. Makala hii inahusu taarifa za aina hiyo: zile ambazo idara moja inazo, na nyingine isipozipata itakosea.

Tanzania ina majiji sita: Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya na Tanga. Halmashauri za majiji hayo zinaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982. Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Ndiye afisa masuuli, na ndiye katibu wa baraza la madiwani. Chini yake wapo wakuu wa idara, kama vile elimu msingi, elimu sekondari, afya, maendeleo ya jamii na mipango, pamoja na wakuu wa vitengo vya sheria, ukaguzi wa ndani, TEHAMA, ununuzi, usafi wa mazingira na vinginevyo. Kwenye chati ya muundo wa taasisi, mistari yote inakutana kwa mkurugenzi. Kwenye kazi halisi, habari hupanda kwa urahisi na kushuka kwa urahisi, ila kuvuka kutoka idara hadi idara ndiko kunakosumbua.

Sababu mojawapo ni kwamba kila mkuu wa idara ana mabwana wawili. Mganga mkuu anawajibika kwa mkurugenzi, lakini miongozo ya chanjo na dawa inamfikia kutoka Wizara ya Afya kupitia kwa mganga mkuu wa mkoa. Afisa elimu anasubiri nyaraka za Wizara ya Elimu na za TAMISEMI. Walimu, ambao ndio kundi kubwa kuliko yote katika watumishi wa halmashauri, wana Tume yao ya Utumishi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Hata vyama vya wafanyakazi vimegawanyika kwa njia hizo hizo: mwalimu yupo CWT, watu wa afya wengi wapo TUGHE, na wengine wapo TALGWU. Kwa hiyo mwalimu na afisa kilimo wa jiji moja wanaweza kupata habari za maslahi yao kutoka kwa viongozi wasiojuana.

Mgawanyiko huu una historia. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na wataalamu wao wakawekwa chini ya uongozi wa mikoa na wilaya. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, baada ya huduma mijini kuzorota, na sheria za mwaka 1982 zikaweka mfumo tulionao. Halmashauri zilirudi, lakini tabia ya kila fani kuangalia juu, kwa wizara yake, haikuondoka.

Masijala

Njia rasmi na kongwe ya habari ofisini ni jalada. Barua ikifika, masijala huipiga mhuri wa kupokelewa, huiandika kwenye rejista, huiweka kwenye jalada la somo lake na kuipa namba ya folio. Jalada hupelekwa kwa mkurugenzi, naye huandika maelekezo mafupi na kulielekeza kwa mkuu wa idara husika. Huyo naye huandika dokezo, akamtaja ofisa atakayeshughulikia, na jalada linaendelea na safari. Barua za siri zina masijala yake. Utunzaji wa haya yote unasimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, na watunza kumbukumbu wengi wamepita Chuo cha Utumishi wa Umma.

Wanaolicheka jalada hawajalisoma. Anayepokea jalada lililotunzwa vizuri anakuta mazungumzo yote ya miaka kadhaa: nani alishauri nini, nani alikataa, kwa hoja gani, tarehe ngapi. Mkuu mpya wa idara aliyehamishiwa Mwanza kutoka Tanga anaweza kukaa nalo jioni moja akaujua mgogoro wa kiwanja kuliko mlalamikaji mwenyewe. Hakuna kundi la simu linaloweza kufanya hivyo.

Udhaifu wake ni kwamba jalada moja hukaa juu ya meza moja. Likilala kwa ofisa aliye safarini, wengine wote wamefungwa macho. Halafu lipo suala la adabu ya ngazi: ofisa wa kawaida hamwandikii mwenzake wa idara nyingine moja kwa moja. Barua yake inapitia kwa mkuu wake, ndiyo maana ya zile herufi K.K. (kupitia kwa) chini ya anwani, kisha inapanda, inavuka kule juu, inashuka upande wa pili. Chumba chenyewe anachokiandikia kinaweza kuwa mlango wa tatu kwenye korido ileile.

Kifaa pekee cha kuvuka pembeni ndani ya barua rasmi ni neno moja mwishoni mwa ukurasa: “Nakala”. Hapo ndipo mwandishi anaamua nani mwingine ajue. Wanaokwenda kasi huandika majina ya wakubwa tu, ili ionekane kazi imefanyika. Wanaofikiri humwandikia yule atakayeathirika, hata akiwa mdogo. Tofauti nyingine ni kati ya barua iliyoletwa “kwa taarifa” na iliyoletwa “kwa utekelezaji”. Ile ya kwanza mara nyingi huingia jaladani bila kusomwa, kwa sababu haimdai mtu chochote.

Vikao

Timu ya menejimenti, ambayo watumishi wengi huiita CMT, ndicho kikao ambacho wakuu wote wa idara na vitengo huketi pamoja chini ya mkurugenzi. Hapa habari huvuka kweli. Mhandisi anasikia kwamba shule fulani itapokea wanafunzi wengi zaidi Januari. Mweka hazina anasikia kwamba soko litafungwa kwa ukarabati na mapato yatashuka. Tatizo linaanzia mlangoni. Hakuna kinachomlazimisha mkuu wa idara kurudi na kuwasimulia watu wake yaliyosemwa, na muhtasari wa kikao hubaki mikononi mwa wajumbe. Wapo wanaofanya kikao kifupi cha idara siku inayofuata. Wapo wanaoamini kwamba kujua peke yao ni sehemu ya cheo.

Baraza la wafanyakazi lina asili nyingine. Wazo lake lilitoka kwenye Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, uliowataka viongozi wa mashirika ya umma kuwashirikisha wafanyakazi katika uongozi, na kwa watumishi wa umma sasa linasimama juu ya sheria ya majadiliano ya mwaka 2003. Wajumbe huchaguliwa kutoka idara mbalimbali, na bajeti huletwa mbele yao. Kwa mpangilio, ndilo jukwaa ambalo muuguzi na mpima ardhi wangeweza kusikia habari ileile kwa wakati mmoja. Kwa matumizi, hukutana mara chache, na muda mwingi huliwa na madai ya likizo, uhamisho na kupanda madaraja, madai ambayo hakuna anayeweza kuwalaumu kwa kuyaleta.

Ajabu ni kwamba ukishuka hadi kwenye kata, habari huvuka vizuri zaidi. Mtendaji wa kata, afisa elimu kata, afisa afya, afisa maendeleo ya jamii na bwana shamba hukutana kwenye kamati ya maendeleo ya kata, wakiongozwa na diwani. Wachache wao wana ofisi ya kujivunia. Baadhi hutumia pamoja chumba kimoja na pikipiki moja. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kazi ya kuzuia ilihitaji afya, elimu, usafi, biashara na watendaji wa mitaa kujua mambo yaleyale siku ileile: visima vipi vimefungwa, mama lishe gani wamesimamishwa, shule ipi haina maji. Taarifa ya namna hiyo haisubiri jalada.

Walioondoka mezani

Miaka ya karibuni baadhi ya kazi zimetolewa halmashauri na kukabidhiwa wakala. Barabara za mijini na vijijini zilihamia TARURA mwaka 2017. Kabla ya hapo mhandisi wa barabara alikuwa mjumbe wa kawaida wa CMT. Sasa ni mtu wa taasisi nyingine, anayealikwa. Maji ya Dar es Salaam yapo DAWASA. Kwa hiyo habari iliyokuwa ya idara mbili leo ni barua kati ya taasisi mbili, na mwananchi anayeona lami mpya ikichimbwa kupitisha bomba hajali mipaka hiyo.

Mabadiliko ya muundo nayo huvuruga njia. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Nairobi ilipitia jambo la kufanana: mwaka 2020 kazi kadhaa za kaunti, zikiwemo afya na mipango miji, zilihamishiwa serikali kuu na kuendeshwa na chombo kilichoitwa Nairobi Metropolitan Services hadi 2022, na watumishi wa kaunti wakaazimwa huko. Katika hali kama hizo swali la mtumishi huwa la msingi kabisa: waraka wa nani ndio unaonihusu?

Kitengo cha mawasiliano serikalini kingetegemewa kuziba pengo. Tangu tovuti za mikoa na halmashauri zilipozinduliwa kwa pamoja mwaka 2017, maafisa habari wamekuwa na pa kuandika. Lakini kazi yao imegeuzwa kutazama nje. Ziara, uzinduzi, makabidhiano ya madawati: hizo ndizo habari. Mtumishi husoma kuhusu mradi wa ofisi yake siku ileile na mpita njia, na mara nyingine baada yake.

New York ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1873, baada ya kashfa ya ufisadi ya genge la mwanasiasa Tweed, jiji hilo lilianzisha The City Record, gazeti rasmi la matangazo ya zabuni, mikutano na ajira za idara zote, na bado linatolewa. Mwaka 1913 jiji likafungua maktaba ya rejea kwa ajili ya maofisa wake. Mwaka uliofuata maktaba hiyo ikaanza kutoa jarida dogo la kuwaarifu maofisa hao ripoti na vitabu vilivyowahusu. Rebecca Rankin aliiongoza maktaba hiyo kuanzia 1920 hadi 1952. Kazi hiyo, ya mtu anayelipwa kusoma yanayoandikwa na idara zote kisha kuwaeleza wengine, haimo katika orodha ya vyeo vya halmashauri zetu. Afisa habari mmoja angepewa siku moja kwa wiki ya kuifanya, angetusaidia kuliko picha mia za uzinduzi.

Simu na mifumo

Pengo lisilozibwa rasmi limezibwa na WhatsApp. Kila idara ina kundi, kila kata ina kundi, walimu wakuu wana lao. Waraka hupigwa picha asubuhi, na kufikia saa nne watu mia mbili wamejibu “nimepokea”. Kasi hiyo ni msaada wa kweli. Gharama zake pia ni za kweli: ujumbe hauna folio, mwenye simu akihama kumbukumbu inahama naye, na waraka wa kughushi kuhusu posho unasambaa kwa mwendo uleule wa waraka halali. Taarifa ya mgonjwa au ya mtumishi aliye kwenye shauri la nidhamu ikitumwa humo, inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mifumo ya serikali imeongezeka: PlanRep kwa bajeti, MUSE kwa malipo, NeST kwa ununuzi, TAUSI kwa mapato, GoTHOMIS kwa hospitali. Kila mmoja ni mzuri katika eneo lake. Lakini kila mmoja una mwenyewe huko juu na nywila zake, na afisa afya hawezi kufungua TAUSI aone kama mgahawa alioufunga umelipiwa leseni mpya. Migawanyiko ya idara imeingia kwenye kompyuta ikiwa mizima.

Ofisi mtandao, inayosimamiwa chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, inagusa kiini cha tatizo kwa sababu inalifanya jalada lisomwe na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na inaonyesha nani amelifungua na lini. Dokezo linaweza kwenda kwa afya, biashara na sheria kwa pamoja. Bado anayechagua majina ya kupelekewa ni mkuu yuleyule aliyekuwa akiandika “Nakala”, na wasio na akaunti ni wengi: dereva, mgambo, mhudumu wa zahanati, mlinzi wa shule. Kwa hao, njia ya uhakika imebaki ile ya msimamizi anayegawa kazi saa moja asubuhi, kama mwenyewe ameambiwa.