Mafaili yaliyomo 'winguni' hupangwaje?

WAFUGAJI nyuki wa Ipole, wilayani Sikonge mkoani Tabora, kama vilivyo vikundi vingine nchini, huhitaji kumbukumbu za mizinga, mauzo ya asali na mihtasari ya vikao. Kumbukumbu hizo zikiwa katika simu moja tu, simu ikipotea nazo hupotea. Huduma za kuhifadhi nakala mtandaoni, maarufu kama 'wingu', huondoa hatari hiyo, lakini wengi hushindwa kuziona nakala zao kwa kuwa hazipangwi kama makaratasi kabatini.

Faili likipakiwa hutunzwa katika seva za kampuni inayotoa huduma. Anachokiona mwenyewe ni orodha ya majina, tarehe na ukubwa. Katika Google Drive, iliyoanza mwaka 2012, mafaili mawili yenye jina moja huweza kukaa katika folda moja, kwani mfumo hulitambua kila faili kwa alama yake ya pekee.

Google Photos hupanga picha kwa tarehe zilipopigwa. Picha ya mzinga iliyopigwa Juni na kupakiwa Septemba, mtandao ulipopatikana, itafutwe Juni. Nazo nakala za WhatsApp za simu za Android hazimo katika orodha ya kawaida. Huonekana katika sehemu ya nakala rudufu, na hurejeshwa kupitia WhatsApp yenyewe.

Hatari kubwa ipo katika kufuta. Huduma nyingi huoanisha simu na wingu, hivyo kinachofutwa upande mmoja hutoweka na upande wa pili. Faili lililofutwa Google Drive hukaa siku 30 katika kikapu cha taka. Picha iliyokuwa na nakala Google Photos hukaa siku 60. Aidha, gigabaiti 15 za bure za Google hutumiwa kwa pamoja na barua pepe, mafaili na picha. Zikijaa, nakala mpya hazipokelewi.

Kwa kikundi, yafaa majina ya mafaili yaanze na mwaka na mwezi, mathalani '2025-06 mauzo', ili yajipange yenyewe. Akaunti iwe ya kikundi, si ya katibu, asije akahama nayo. Nakala nyingine iwekwe katika flashi, na mara kwa mara faili moja lijaribiwe kurejeshwa. Nakala isiyowahi kujaribiwa haina uhakika.